Anza na Kanuni ya Mwisho: Namna ya Kuiongoza Timu Inayosita Kuingia Katika Utaratibu wa Ajaili

Ajaili (kwa Kiingereza agile) ni utaratibu wa kutengeneza programu kwa vipande vidogo, kila kimoja kikionyeshwa mapema kwa mtumiaji, huku timu ikijirekebisha kila baada ya muda. Ni nadra timu isiyoutaka utaratibu huo kukataa kwa mdomo. Katika ofisi zetu mtu hamwambii kiongozi wake "sitaki". Husema "sawa", au "hakuna shida", au "tutajitahidi", kisha kadi iliyoandikwa kazi yake hukaa palepale ubaoni tangu Alhamisi iliyopita, na kila asubuhi anapoulizwa hujibu kwamba anaendelea na ile ya jana. Mwingine hufika kikao kikishakwisha na kusingizia foleni ya mwendokasi, ingawa siku ya semina yenye chai na sambusa huwahi kuliko wote. Anayeongoza mabadiliko akizihesabu "sawa" hizo kuwa ni kukubali, baada ya miezi miwili atakuta ana vikao vyote vya ajaili na kazi inakwenda vilevile ilivyokuwa ikienda zamani.

Shimo hilo nilishalitumbukia mwenyewe. Nilikuwa mratibu wa timu ya watu 9 jijini Dar es Salaam, tukitengeneza mfumo wa kuendeshea akiba na mikopo ya SACCOS. Niliporudi kutoka mafunzo ya siku 2, Jumatatu yake nilileta kila kitu kwa mpigo: ubao, vikaratasi vya kunata, kikao cha kila asubuhi, mizunguko ya kazi ya wiki 2, na hata kukadiria kazi kwa pointi, yaani namba zinazoonyesha uzito wa kila kazi. Wiki ya sita, mwandaaji programu wetu mwandamizi, mtu ambaye vijana wote wa ofisi humwamkia shikamoo, alinisubiri kwenye ngazi wenzake walipokwisha kuondoka. "Mdogo wangu," aliniambia bila ukali wowote, "kile cha asubuhi si kikao. Kile ni kuhesabiwa." Sikuwa na jibu, kwa kuwa alisema kweli: kila aliyezungumza asubuhi alikuwa akinitazama mimi, na hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake.

Mahali pa kuanzia

Wengi huanza na kikao cha asubuhi kwa sababu ndicho kinachoonekana upesi. Lakini ilani ya ajaili, iliyoandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, ina mambo 4 inayoyathamini na kanuni 12 zinazoyafuata, na katika maandishi hayo yote hakuna mahali panapotajwa kikao cha asubuhi cha kusimama, ubao wala pointi. Kilichomo ni kanuni ya 12, ambayo ndiyo ya mwisho, isemayo kwamba kila baada ya muda timu itafakari namna ya kufanya kazi kwa ufanisi zaidi, kisha irekebishe mwenendo wake kulingana na ilichokiona. Kwa timu inayosita, ushauri wangu ni kuanza na hiyo ya mwisho na kuyaacha mengine yasubiri. Kikao cha asubuhi humtaka mtu atoe taarifa zake kabla hajaona faida yoyote, ilhali kikao cha kujitathmini humpa nafasi ya kusema kinachomkera na kukiona kikiondolewa, na aliyeondolewa kero moja huwa mwepesi kujaribu jambo la pili.

Kabla ya kikao hicho cha kwanza, zungumza na kila mtu peke yake, ukianza na wenye umri na uzoefu mkubwa. Wakiipata habari kutoka kwa vijana watahisi wamerukwa, na mtu mzima aliyerukwa hana haja ya kukupinga hadharani; kunyamaza kwake kunatosha kuwanyamazisha wengine. Usimwulize mtu anaionaje ajaili, kwa maana swali hilo atakujibu kwa adabu na utaondoka mikono mitupu. Mwulize ni kazi gani ya mwezi uliopita iliyomchosha bure, ni nani aliyemkatiza, na ni kitu gani alilazimika kukifanya mara mbili. Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Majibu niliyoyapata nilipoanza upya kwa njia hii yalinionyesha kwamba nilichokuwa nikikiita ukaidi kilikuwa vitu vitatu tofauti vilivyovaa nguo moja. Mpimaji wetu wa programu hakuwa na ugomvi na vikao. Alichoogopa ni kwamba mizunguko ya wiki 2 ingemletea kila wiki 2 ule mkesha aliokuwa akiupata mara moja kwa robo mwaka. Kijana aliyeajiriwa karibuni aliogopa kadi yenye jina lake ikae ubaoni siku 5 huku mkurugenzi akipita na kuisoma. Mwandamizi wetu alikuwa na hoja nzito zaidi. Alikwisha kushuhudia "mifumo mipya" mitatu ikizinduliwa kwa fulana na keki, na kila mmoja ulizimika aliyeuleta alipohamishwa, kwa hiyo kwake subira ilikuwa ni busara tupu. Zaidi ya hayo, ingawa hili hakulisema waziwazi, ni yeye pekee aliyeijua vizuri sehemu ya kukokotoa riba, na ubao ambao yeyote anaweza kuchukua kadi yoyote ulikuwa unagusa heshima aliyoijenga kwa miaka mingi.

Dawa ya mmoja wao isingemfaa mwingine. Mpimaji alihitaji kikomo cha kazi zinazomfikia, kijana alihitaji ahadi kutoka kwa mkurugenzi mwenyewe, na mwandamizi alihitaji kuona kwamba ujuzi wake utatakiwa mapema zaidi kuliko zamani, si kwamba utagawiwa kama pipi. Hotuba moja kwa wote kuhusu faida za ajaili isingemgusa hata mmoja.

Kikao cha kwanza cha kujitathmini

Kipangie dakika 50 na usizidishe, na kisiwe Ijumaa mchana, wakati ambapo wengine wanakwenda msikitini na wengine wameshaanza kuwaza safari ya nyumbani. Mwone mkuu wa idara mapema, umwombe asihudhurie vikao viwili au vitatu vya mwanzo, na umweleze kwamba ataletewa uamuzi uliofikiwa bila kuambiwa nani alisema nini. Wape watu vikaratasi vya aina moja na kalamu za rangi moja, na kwa kuwa katika timu ndogo miandiko inajulikana, waandike kwa herufi kubwa. Mwongozaji avikusanye, avichanganye, avisome kwa sauti ileile bila kutia chumvi.

Kikaratasi kilichobadilisha hali kwetu kilisomeka hivi: NALETEWA KAZI YA KUPIMA ALHAMISI SAA KUMI JIONI. MTEJA ANAISUBIRI IJUMAA ASUBUHI. Herufi kubwa hazikusaidia kitu, kila mtu alijua ni nani aliyeandika. Mmoja alicheka, akaacha. Mwandamizi ndiye aliyevunja ukimya: "Wiki hii zimekufikia ngapi?" Mpimaji akajibu, "Saba, kaka. Na moja imekuja bila maelezo." Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliwaona wakizungumza wao kwa wao.

Kutoka katika rundo la kero chagua moja tu, tena iliyo ndani ya uwezo wa timu yenyewe, na uiandikie jina la atakayeisimamia na tarehe ya kuirudia, isiyozidi wiki 2 mbele. Kutakuwa na vikaratasi kuhusu mishahara, jenereta na intaneti inayokatika. Usivitupe wala usiahidi muujiza, sema tu utavipeleka kwa nani na lini utaleta jibu, hata kama jibu lenyewe ni hapana. Sisi tulikubaliana kwamba kazi 3 zikishakuwa zinasubiri kupimwa, hakuna anayeanza kazi mpya mpaka mojawapo ipite, na aliye na nafasi amsaidie mpimaji. Wasomi wa mambo haya hukiita kikomo cha kazi zinazoendelea. Sikulitaja jina hilo, na neno ajaili lenyewe halikutamkwa siku ile.

Ubao na hesabu yake

Ubao uje baada ya hapo, na uchorwe kwa njia ambayo kazi inapita kwa kweli, si ile iliyochorwa kwenye slaidi za mafunzo. Wetu ulikuwa na safu sita: Inasubiri, Inatengenezwa, Inasubiri kupimwa, Inapimwa, Inasubiri mteja, Imekamilika. Safu ya tano ilizua mabishano, kwa kuwa hakuna anayependa kumwonyesha mkurugenzi kwamba kazi imelala kwa mteja, lakini ukiificha utakuwa unadanganywa na ubao wako mwenyewe.

Kisha hesabu. Tulikuta kadi 18 zilizoanzwa na zisizokwisha, na tulipochungulia kumbukumbu za nyuma tukaona kwamba kwa wastani timu humaliza kadi 3 kwa wiki. Mwaka 1961 msomi wa Marekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni inayobeba jina lake: katika foleni yoyote iliyotulia, wastani wa muda ambao kitu hukaa ndani ni idadi ya vitu vilivyomo igawanywe kwa kasi ya kuvitoa. Kumi na nane kwa tatu ni 6, kwa hiyo kadi iliyoanzwa leo ilikuwa na wiki 6 mbele yake bila mtu yeyote kuwa mvivu. Kasi ikibaki ileile na kadi zilizoanzwa zikawa 9, muda unakuwa wiki 3. Hesabu hii huwagusa waandaaji programu kuliko maneno yoyote ya hamasa, kwa sababu wanaweza kuikagua wenyewe.

Asiyependa hesabu mkumbushe fundi cherehani wa mtaani kwenye mwezi wa Ramadhani. Amepokea vitambaa vya watu 40 na amevikata vyote, ili kila mwenye nguo akipita aone imeshaanzwa na atulie. Usiku wa kuamkia Idi baraza lake limejaa watu, nguo 40 zote ziko nusu, na yeye simu ameizima. Angekata tano akazishona zikaisha ndipo akate tano nyingine, wa kwanza wangekuwa wameshazipiga pasi. Timu yangu ilicheka sana kwa mfano huo, mmoja wao zaidi kuliko wenzake, maana alikuwa na kanzu huko.

Kazi "isiyogawanyika"

Hoja ngumu kuliko zote ambayo watu wenye ujuzi huitoa ni kwamba kazi yao haigawanyiki katika vipande vya wiki 2, na mara nyingi wako sahihi kwa jinsi walivyozoea kuigawa. Mazoea ni kuigawa kwa matabaka: kwanza hifadhidata yote, kisha ukokotoaji wote, kisha skrini zote, na mtumiaji haoni kitu mpaka tabaka la mwisho likamilike. Ukikata hivyo, ni kweli kwamba baada ya wiki 2 hakuna cha kuonyesha.

Kata kama unavyokata keki, kutoka juu hadi chini, kipande chembamba lakini chenye matabaka yote. Kwa mfumo wa mikopo, kipande cha kwanza chaweza kuwa mkopo wa dharura peke yake, wenye riba isiyobadilika, kwa mwanachama mmoja, ambapo afisa mikopo anaandika rejesho la kwanza na kuona salio limepungua. Hakuna wadhamini, hakuna ujumbe mfupi wa simu, hakuna stakabadhi ya kuchapwa. Kipande kinachofuata kinaongeza wadhamini, kingine kinaongeza riba inayokokotolewa juu ya deni lililobaki, na kuendelea. Anayepaswa kushika kisu ni yule mwandamizi anayesita, kwa kuwa ndiye anayejua ni wapi ukikata pabaya utalazimika kubomoa msingi baadaye. Nilipomkabidhi kazi hiyo, malalamiko yake yaligeuka yakawa maswali, na mengi ya maswali hayo sikuwa nimeyafikiria.

Faida ya kipande chembamba ni kukionyesha kwa mtu atakayekitumia. Mfano ulio karibu nasi ni M-Pesa, ambayo majaribio yake yalianza nchini Kenya Oktoba 2005 kwa nia ya kuwawezesha wakopaji wa mikopo midogo kupokea na kurejesha fedha kwa simu. Watu walioshiriki majaribio, huduma ilipokuwa mikononi mwao, walianza kutumiana pesa wao kwa wao, na Safaricom ilipoizindua kwa umma Machi 2007, lililotangulizwa lilikuwa kutuma pesa nyumbani na si marejesho ya mikopo. Hakuna hati ya mahitaji yenye saini na mhuri ambayo ingeyatabiri hayo kabla watumiaji hawajakishika kitu chenyewe.

Kwetu sisi ilitokea kwa kipimo kidogo zaidi. Mwisho wa mzunguko wa kwanza tulimwalika afisa mikopo wa SACCOS mojawapo, mama mmoja mtaratibu aliyekuja na daftari lake la karatasi, tukamwachia kipanya. Aliandika rejesho, akaangalia salio, akatikisa kichwa kuridhika, kisha akauliza: "Sasa wanangu, mwanachama akiniletea nusu ya rejesho, naiandika wapi?" Mwandamizi alivuta kiti akakaa kando yake, wakalifungua lile daftari, na walikaa hapo zaidi ya saa nzima. Hati yetu ya mahitaji, kurasa zaidi ya 100, haikuwa na neno juu ya nusu rejesho. Sikumsikia akiisifu ajaili siku ile wala baadaye. Alisema tu kwamba mambo kama yale ni afadhali ayajue mwezi wa kwanza kuliko wa tisa.

Kikao cha asubuhi kikija

Sasa ndipo kikao cha kila siku kinapokuwa na maana, kwa sababu watu wana kitu cha pamoja cha kukizungumzia. Mwongozo wa skramu, mojawapo ya njia za ajaili, ulioandikwa na waanzilishi wake Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unakipa dakika 15, na toleo lake la mwaka 2020 liliyaondoa yale maswali matatu maarufu, yaani jana nilifanya nini, leo nitafanya nini na nimekwama wapi, kwa hiyo anayewalazimisha watu kuyajibu kwa zamu kama darasani anakitetea kitu ambacho waandishi wake wameshaacha kukidai. Badala ya kuwapitia watu, zipitie kadi, tena kutoka kulia kwenda kushoto, kama asomaye msahafu: anza na iliyo karibu kabisa kukamilika na uulize inahitaji nini ili ivuke leo.

Kiongozi asimame pembeni. Mzungumzaji akigeuza uso kwako, wewe utazame ubao, naye baada ya siku chache atafuata macho yako. Nilizoea pia kumpa makapeni mtu tofauti kila siku, na aliyeishika ndiye aliyeongoza. Hili ni dogo lakini katika mazingira yetu lina uzito, kwa sababu kijana anayeona haya kumwuliza mkubwa wake kwa nini kadi imekwama anapata ruhusa isiyomvunjia mtu heshima. Kuhusu saa, chagua ile ambayo anayetoka mbali kuliko wote anaweza kuifikia bila kukimbia. Sisi tulihamisha kutoka saa mbili na nusu kwenda saa tatu na nusu, na visingizio vya mwendokasi vikaisha siku hiyohiyo.

Walio juu ya timu

Sehemu kubwa ya kusita kwa timu ni mwangwi wa mambo yanayofanywa na wakubwa wake, na mratibu asiyelishughulikia hilo atakuwa anamlaumu punda kwa mzigo. Mwezi wa tatu niliombwa orodha ya pointi alizomaliza kila mfanyakazi, ili itumike katika tathmini ya mwaka. Ningeitoa, wiki iliyofuata kazi ya pointi 2 ingeandikwa 8 na ubao ungekuwa umekufa. Pata ahadi mapema, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba yanayoonekana ubaoni hayataingia katika faili la mtu, na mpe mkubwa kitu kingine cha kumtuliza: wastani wa siku ambazo kadi hutumia tangu kuanzwa hadi kukamilika, kwa timu nzima. Ili kuupata, inatosha kuandika tarehe mbili kwenye pembe ya kila kadi.

Mkataba wenye hatua na malipo yaliyokwisha kupangwa nao hutajwa sana kuwa kikwazo. Kwa uzoefu wangu si lazima uubadili. Acha hatua za mkataba zibaki kwa nje kama zilivyo, ndani yake mwende kwa mizunguko, na kila baada ya wiki 2 mwakilishi wa mteja aone kilichopo na kutia saini karatasi moja ya aliyoyaona na aliyoyataka yabadilike. Siku ya makabidhiano karatasi hizo zitakuokoa na mabishano mengi.

Atakuwepo bado mtu mmoja asiyetaka kabisa. Mwache afanye kazi kwa mtindo wake ilimradi kadi zake ziwe ubaoni na asipitishe kazi kwa njia ya panya, na usimfanye mfano mbaya mbele ya wenzake. Zipo pia timu ambazo zina haki ya kukataa sehemu ya utaratibu huu: wanaopokea simu za wateja walioharibikiwa hawawezi kupanga wiki 2 mbele, nao hufaidika zaidi na kanbani, yaani ubao na kikomo chake bila mizunguko.

Baada ya miezi mitatu, zitoe kadi zote zilizokamilika, zihesabu siku zake, na uipeleke hesabu hiyo kwenye kikao cha kujitathmini pamoja na swali la nini kiachwe. Timu yetu iliamua kuacha pointi, kwa sababu kugombania kama kazi ni 3 au 5 kulikuwa kukila muda kuliko kuifanya. Kikomo cha kazi 3 za kupimwa walikibakiza, na aliyepinga kiongezwe kuwa 4 alikuwa yuleyule mwandamizi.